Kiuno Sentimita Tisini na Moja

Mimi ni fundi cherehani wa kambi. Si mwanajeshi, sijawahi kushika bunduki, na shule niliiacha darasa la tano. Nina chumba kimoja ubavuni mwa bohari, cherehani mbili za miguu, pasi ya chuma na meza ndefu ya kukatia, na kwa miaka ishirini na mbili kila gwanda la kikosi hiki limepita mikononi mwangu. Watu wa hapa nawajua kwa migongo. Mtu akikatiza uwanja wa gwaride kule mbali huenda nisikwambie jina lake, lakini nitakwambia bega lake lipi limeshuka.

Kwa hiyo Koplo alipoingia asubuhi moja akadai suruali yake imesinyaa baada ya kufuliwa, sikubishana naye. Nilichukua tepu nikaizungusha.

"Nguo ikisinyaa husinyaa yote," nikamwambia. "Hii mapajani sawa, nyuma sawa, urefu sawa. Imelikasirikia tumbo peke yake. Miezi mingapi?"

Akageuka kuangalia kama mlango umefungwa.

"Mitatu kasoro."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Fundi, wewe pima."

Nikapima. Mwenyewe alikuwa dereva wa malori, nilikuja kujua baadaye. Alihamishwa kikosi, akaahidi kupiga simu akifika, na tangu hapo namba yake haipatikani. Sina zaidi la kusema juu yake, na hata hayo ni mengi.

Koplo tayari alikuwa na binti wa miaka sita, ambaye baba yake alifariki mtoto akiwa hajaota meno. Walikaa wawili kwenye chumba cha mwisho cha mabanda ya makoplo. Kitanda kimoja, jiko dogo la gesi, na ukuta mzima umejaa michoro ya kalamu za rangi ambayo mkaguzi wa mabanda alijifanya haioni kila mwezi. Mtoto tulimwita Brigedia, kwa namna alivyotuamrisha. Akitoka shule alikuja kwangu moja kwa moja, akavua viatu, akaingia chini ya meza ya kukatia na kuanza kazi.

"Mjomba Fundi, pini zimeanguka. Mjomba Fundi, redio iko juu. Mjomba Fundi, yule askari ametoka bila kuaga."

Alikaa pale mpaka mama yake atoke kazini. Hatukuwahi kuketi tukakubaliana hivyo. Ilitokea siku moja, ikawa mwaka.

"Naomba liwe letu wawili," Koplo akasema nilipomaliza kupima. "Mpaka kozi iishe."

Kozi yenyewe ilikuwa ya usajini, wiki kumi na mbili, inaanza Jumatatu. Niieleze vizuri, maana kila kitu kilining'inia hapo. Koplo akifikisha miaka kumi na miwili kazini bila kuwa sajini, mkataba wake hauongezwi. Yeye alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi sita. Na ukitolewa kwenye kozi katikati, utasubiri miaka miwili ndipo jina lako lipendekezwe tena. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la tano naiweza. Kozi ikimponyoka, angetoka getini na watoto wawili na begi, bila chumba, bila kliniki, bila kazi aliyoifanya tangu ana miaka kumi na tisa.

Na mwisho wa kozi kuna mwendo. Kilomita thelathini, shanta la kilo ishirini mgongoni, kwa saa sita. Ukichelewa dakika moja umechelewa.

"Siku hiyo utakuwa na miezi karibu sita," nikasema.

"Najua kuhesabu."

"Mzigo mbele, mzigo nyuma. Wewe ni punda?"

"Punda hana mkataba unaoisha, Fundi."

"Lakini ana akili ya kugoma akichoka."

Akacheka kidogo, kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nisaidie nguo tu. Mengine niachie."

Nikamwambia sawa, mdomo wangu umeshonwa.

Nilifumua mishono ya pembeni ya suruali zake tatu, nikatia lastiki pana upande wa ndani ambako jicho halifiki, nikasogeza ndoano. Mashati niliyaongezea kipande chini ya kwapa, kitambaa kilekile, kikageukia nyuma. Kila wiki mbili alikuja nikaachia kidogo. Najisifu hapa kwa sababu ni kweli, ile ilikuwa kazi safi. Wiki ya saba mkufunzi alimwambia mbele ya wenzake kwamba chakula cha mesi kinampenda, akimaanisha amenenepa tu. Koplo akajibu, "Nami nakipenda, afande," watu wakacheka, akaendelea na kwata.

Mimi sikucheka. Kila nikiona tarehe ya mwendo inasogea nilikosa usingizi. Mke wangu, ambaye sikumficha kwa sababu haiwezekani kumficha kitu, aliniambia, "Unamshonea pazia. Siku akianguka na lile shanta, utashona nini?"

Wiki ya tisa ikaja siku ya vipimo. Mara moja kwa mwaka kikosi kizima hupanga foleni nje ya chumba changu, napima kila mmoja, naandika kwenye kadi yake: shingo, kifua, kiuno, nyonga, paja, urefu. Kadi zinakwenda bohari ili sare mpya zije kwa saizi. Siku hiyo nilipima watu mia moja arobaini na mmoja. Mkono ukishazoea hauulizi kichwa. Tepu inazunguka, jicho linasoma, kalamu inaandika, wa pili asogee. Koplo alikuja katikati ya foleni, akaingia, akatoka, akanikonyeza. Nikaandika.

Nilipaswa kuandika sabini na sita kama mwaka uliopita. Niliandika tisini na moja, kwa sababu ndiyo ilikuwa tisini na moja. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kuandika kipimo cha uongo, na siku ile niliyotakiwa kuandika kimoja tu, sikukumbuka.

Bohari ni ya sajini tunayemwita Kufuli. Mkono wa birika. Ukimwomba kifungo kimoja atataka kwanza kuliona shati. Husoma kadi zote kutafuta wanaotaka kitambaa cha ziada, na hapo akakuta kiuno kimepanda sentimita kumi na tano wakati shingo na paja vimekaa palepale. Kufuli ana watoto watano. Hakuhitaji daktari. Alibeba kadi ile mpaka kwa Meja, mkuu wa mafunzo.

Kesho yake saa nne Koplo aliingia kwangu bila kofia. Brigedia alikuwa shule, namshukuru Mungu.

"Umeandika."

Wakati huo sikuwa nimejua lolote. "Nimeandika nini?"

"Tisini na moja! Kwa mwandiko wako! Meja amenionyesha, amenigeuzia kadi mezani hivi, 'Koplo, hii ni nini?' Nimesimama pale kama mwizi wa kuku!"

Ndipo nikakumbuka. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Nimetolewa," akasema. "Wiki tisa, Fundi. Nimeongoza kwenye ramani, nimeongoza kwenye uongozi wa sekisheni, nimetapika nyuma ya vyoo nikarudi mstarini, hakuna aliyejua. Wewe ukaniuza kwa namba."

"Nilisahau."

"Ulisahau? Au ulifanya makusudi, kwa sababu hukutaka nitembee?"

Ningeweza kumpoza. Sijui kupoza. "Nilisahau. Lakini kama unauliza nilitaka utembee, hapana, sikutaka. Na leo sina huzuni kwamba hutatembea na tumbo hilo. Nina huzuni ya mkataba."

Machozi yalimlenga lakini hakuyaruhusu.

"Mtoto hatakuja hapa tena," akasema, akatoka.

Siku mbili baadaye niliitwa ofisini kwa Meja. Nilivaa shati la harusi yangu. Koplo alikuwa amesimama wima kando ya ukuta, Kufuli upande wa pili, na kadi imelala mezani.

"Fundi," Meja akasema, "uliandika mwenyewe?"

"Ndiyo, afande."

"Ulijua kuna ujauzito tangu lini?"

"Kabla ya kozi."

"Na hukusema."

"Mimi napima viuno, afande. Sijatumwa kutangaza."

Kufuli akaguna. Meja akavua miwani, akasugua macho. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, si mtu mbaya. Akaeleza kwamba kanuni inamkataza mjamzito kubeba mzigo, kwamba Koplo amehatarisha maisha mawili kwa kuficha, na kwamba hakuna namna nyingine ila kumtoa kozini. Alisema yote hayo akimwangalia yeye, na yeye akajibu "ndiyo, afande" kila palipohitajika. Kisha Meja akanigeukia aniruhusu kwenda.

Sikwenda. "Naomba kuuliza, afande."

"Uliza."

"Mwaka juzi palikuwa na koplo mwingine, yule mshambuliaji wa timu yetu. Alivunjika kifundo wiki ya nane ya kozi hiihii. Namkumbuka kwa sababu nilipasua suruali yake mguu wa kulia mpaka gotini, nikaweka vifungo vya kubana ili plasta ipite. Alifanya mtihani wa maandishi ameketi, mguu juu ya kiti. Mwendo alikuja kuutembea baada ya miezi saba. Leo ni sajini. Mguu wake ulisubiriwa. Nauliza, huyu yeye amekosa nini?"

"Yule alikuwa mgonjwa," Kufuli akasema.

"Yule alikuwa kwenye mpira."

"Ilikuwa nusu fainali," Meja akasema, kama mtu anayejitetea.

"Na tulifungwa, afande."

Nilidhani nimejifukuzisha kazi. Meja akavaa tena miwani, akavuta faili kutoka droo ya chini, akalifungua, akasoma ukurasa mmoja mara mbili. Koplo hakutikisika, ila niliona vidole vyake vikikunja na kukunjua mshono wa pembeni ya suruali. Ulikuwa mshono wangu.

"Fundi, nenda," Meja akasema. "Nitaandika makao makuu. Siahidi kitu."

Koplo alitoka dakika chache nyuma yangu. Nilimsubiri kwenye ngazi. Alipita akasema bila kusimama, "Ulimi umeupata, baada ya kalamu."

Jibu la makao makuu lilichukua wiki tatu. Hizo wiki tatu sizitamani tena. Chini ya meza palikuwa patupu. Pini zilianguka na hakuna aliyeniambia. Niliona Koplo amepeleka suruali zake kwa fundi wa mtaani, nje ya geti, na yule bwana alizitia kiraka mbele, mshono umekwenda upogo kama njia ya mbuzi. Nilipomwona akikatiza uwanja na kile kiraka tumboni niliumwa kwelikweli. Hasira zake nilizistahili. Mshono ule hakuna aliyeustahili.

Nikaenda kwa Kufuli kuomba kitambaa.

"Cha nini?"

"Gwanda la mjamzito."

"Halipo kwenye orodha."

"Najua halipo. Ndiyo maana nataka kulishona."

"Fomu namba ngapi?"

Nikageuka niende zangu. Nilipofika mlangoni alikohoa. "Hapo pembeni kuna suruali nne za kuchomwa moto," akasema, macho kwenye daftari lake. "Mimi saa hizi nakunywa chai. Sioni vizuri nikinywa chai."

Nilizifumua zote nne. Nikakata suruali mbili zenye kitambaa laini kinachovutika mbele, kuanzia chini ya kitovu mpaka juu ya mbavu, na shati lenye marinda mawili yanayofunguka kadiri siku zinavyokwenda. Nikazipiga pasi, nikazifunga kwa karatasi, mke wangu akazipeleka kwenye chumba cha mwisho. Hakuniambia walichozungumza. Alikaa huko saa mbili na akarudi na macho mekundu.

Asubuhi ya pili mlango wangu ukafunguliwa kwa teke dogo.

"Mjomba Fundi, mama anasema mfuko wa kulia umeuweka chini sana."

Koplo alikuwa nyuma ya mwanawe, ndani ya gwanda langu. Lilimkaa. Sikuona aibu kulitazama.

"Sio chini," nikasema. "Mwezi wa nane mkono wako hautafika juu, tumbo litauzuia. Utanishukuru."

"Sijasamehe."

"Sijaomba. Geuka nione mgongo."

Akageuka. Nikatoa uzi uliobaki begani, na yeye akaacha niutoe. "Nimelala jana," akasema akiwa amenipa mgongo. "Mara ya kwanza tangu kozi ianze. Nilikuwa naogopa sana, Fundi. Kila hatua ya kwata nilikuwa namwambia, mwanangu shikilia, shikilia."

Nikampa Brigedia sumaku aokote pini.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Alama zake za wiki tisa zihifadhiwe. Mtihani wa maandishi afanye sasa, ameketi. Mwendo atautembea na kozi ya mwaka unaofuata, miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha. Atautembea mara moja tu. Akishindwa, hana la kudai.

Mtihani alifaulu. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, kilo tatu na nusu, na mke wangu ndiye aliyekuwa naye hospitali kwa sababu hakuna mwingine wa kuwa naye. Mimi nilibaki na Brigedia, ambaye aliuliza kila nusu saa kwa nini mtoto anachelewa na nani mkubwa wake.

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Koplo alirudi kazini mtoto ana miezi mitatu. Saa nne asubuhi na saa nane mchana mke wangu alimleta chumbani kwangu, Koplo akaja mbio kutoka kazini kwake, ofisi ya mawasiliano, akamnyonyesha nyuma ya nguo zilizotundikwa, akarudi mbio. Mtoto alikuwa mkaidi. Chupa hakuitaka, kikombe alikisukuma, uji alikuja kuukubali kwa shingo upande. Jioni Koplo alijaza shanta mchanga na kuzunguka uwanja wa mpira, raundi kumi, kisha ishirini, kisha arobaini. Brigedia alisimama golini akihesabu kwa sauti, na hakukubali raundi iliyokatwa kona.

Siku ya mwendo waliondoka saa kumi na mbili alfajiri, watu ishirini na sita. Koplo alimnyonyesha mara ya mwisho akiwa amevaa buti tayari, akampa mke wangu, akaondoka bila kugeuka. Mwisho ulikuwa saa sita mchana, getini.

Mtoto alilia kuanzia saa tatu. Tulimpa uji, akautema. Tulimpa maziwa kwa kijiko, akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Saa tano na nusu sisi wote tulikuwa getini: mke wangu na mtoto begani, mimi na mwavuli, Brigedia juu ya jiwe la ukingo wa barabara. Mtunza saa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kando yake mizani ya kuning'iniza, kwa sababu shanta hupimwa mwishoni. Likipungua kilo ishirini, umetembea bure.

Wa kwanza walifika saa sita kasoro ishirini na tano. Vijana. Wakaja wengine, wawili, watatu. Kasoro kumi na tano. Kasoro kumi. Mmoja aliletwa kwenye gari, ameegemea dirisha, hatazami mtu. Nilimwona Meja amesimama kwenye kibanda cha walinzi, ambako hana kazi yoyote. Kufuli naye alikuwa pale, anajifanya anakagua taa.

"Mjomba Fundi," Brigedia akasema, "yule ni mama."

Mimi nilishamwona. Bega la kushoto linashuka akichoka. Alikuwa kwenye ile kona ndefu, peke yake, anatembea kwa hatua fupi za mtu ambaye nyayo zimechubuka, na sehemu ya mbele ya shati lake ilikuwa na mabaka mawili makubwa yaliyolowa. Lile halikuwa jasho. Mke wangu akavuta pumzi. Mtoto akanyamaza, akageuza shingo kule mama yake anakotoka, ingawa kwa mbali vile sidhani aliweza kuona.

Hakuna aliyepiga kelele, hata Brigedia. Tulikuwa tunaogopa kumvunjia hatua.

"Saa sita kasoro dakika nne," mtunza saa akaita alipovuka mstari.

Akalivua shanta mwenyewe. Mtunza saa alitaka kumsaidia, akamsogeza kwa kiwiko. Akalitundika kwenye ndoano. Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikatulia.

"Ishirini na robo. Limepita."

Koplo hakushangilia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ukuta mfupi wa geti, akakaa chini kwenye vumbi, buti zimenyooshwa mbele, akafungua vifungo vya juu na kunyoosha mikono. Mke wangu akampa mtoto. Nikasogeza mwavuli uwakinge wote wawili na jua na macho ya watu. Brigedia akaketi ubavuni mwao, akaegemea mkono wa mama yake uliojaa vumbi.

Meja alikuja akasimama hatua tatu kutoka pale, akasafisha koo. "Hongera, Sajini," akasema.

Naye akainua macho, akaweka kidole midomoni.

"Samahani, afande," akanong'ona. "Ananyonya."

Meja akarudi nyuma kwa ncha za viatu.